Dokta, Pafu Langu Limenywea na Nimerudishwa Nyumbani!

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu habari ya kijana ambaye pafu lake lilinywea akiwa amekaa zake anachati, nikajua nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, nyingi ni za vijana wa miaka 18 mpaka 30 na za mama zao, na mama ndo wenye maswali magumu. Nimechukua chache. Wale wa pumu na vidonda vya tumbo mnivumilie, toleo hili lote ni la kifua.

Shikamoo dokta. Nina miaka 21, mrefu na mwembamba mpaka wananiita Mlingoti. Wiki iliyopita nlikuwa nimelala naangalia simu, ghafla kichomi kikanipiga upande wa kulia kama mtu kanidunga bisibisi, nikivuta pumzi kinazidi, na bega nalo likaanza kuuma. Nikasema ni gesi hiyo, nikameza dawa ya maumivu nikalala. Kesho yake kikapungua nikajua yameisha ila nikipanda ngazi nahema kama babu. Siku ya tatu nikaenda hospitali, eksirei ikaonyesha pafu la kulia limenywea kama theluthi hivi. Sasa cha ajabu dokta akanikalisha masaa manne, akapiga eksirei nyingine, akanitembeza kwenye korido, akanipa dawa za maumivu akasema nenda nyumbani urudi wiki ijayo. Mama kakasirika vibaya, anasema binamu yangu miaka kadhaa nyuma alipata kitu hicho hicho akawekewa mpira wa kutolea hewa kifuani na kulazwa siku sita, mimi nimefukuzwa kama nimeenda kuomba chumvi. Je, nimepuuzwa? – Mlingoti

Marahaba Mlingoti. Hujapuuzwa, na mwambie mama hivyo kwa upole maana hasira yake ina msingi, enzi za binamu yako mapafu mengi yaliyonywea kiasi hicho yalikuwa yanatobolewa, kwa sindano au kwa mpira.

Ngoja nikueleze kilichotokea humo ndani kwanza. Pafu halijapigiliwa misumari kwenye mbavu. Linabaki limetanuka kwa sababu kati yake na ukuta wa kifua kuna utando wa tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo hamna hewa, kuna umajimaji kidogo tu, kwa hiyo zimegandana kama mfuko wa plastiki uliolowa, si unajua unavyohangaika kuufungua. Sasa kwa vijana warefu wembamba, kule juu kabisa ya pafu karibu na bega, huwa vinatokea vilengelenge vidogo vyenye ngozi nyembamba. Fikiria tyubu ya baiskeli iliyochoka ilivyovimba sehemu moja. Siku kimoja kikiachia, hewa inavuja inaingia katikati ya zile tabaka, zinaachana, na pafu ambalo kwa asili yake linapenda kujikunja kama puto basi linajikunja. Kitaalamu inaitwa nimothoraksi. Na wala haihitaji ubebe gunia, wengi inawakuta wamekaa au wamelala kama wewe, ndo maana wanabishana na maumivu yao wenyewe, wanasema mimi sijafanya kitu bana itakuwa gesi.

Halafu kile kichomi kupungua kesho yake ndo kimewaponza wengi. Maumivu yanaweza kutulia ndani ya masaa 24 na pafu bado limelala vile vile. Kwa hiyo ngazi zilikwambia ukweli ambao kifua kilikuwa kimeacha kusema.

Sasa kwa nini urudishwe nyumbani. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa kutoka hospitali 39 za Australia na New Zealand, watu 316 wa miaka 14 mpaka 50, wote mapafu yamenywea kwa mara ya kwanza na si kidogo, ni ya wastani mpaka makubwa, na hawana ugonjwa mwingine wa mapafu unaojulikana. Nusu wakawekewa mpira, nusu wakaachwa wapone wenyewe kwa kuangaliwa, kama ulivyofanyiwa wewe, masaa manne, eksirei ya pili, akitembea bila kuhitaji oksijeni anaenda zake. Baada ya wiki 8, kwa wale waliorudi kupimwa, upande wa mpira mapafu yalikuwa yamefutuka kwa zaidi ya 98 kwa 100, upande wa kuachwa zaidi ya 94 kwa 100. Walioachwa na baadaye ikabidi watobolewe ni kama 15 tu kwa 100. Na lililowashangaza hata madaktari wenyewe, ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia kama 17 kwa 100 ya waliowekewa mpira, lakini walioachwa ni kama 9 tu. Tangu hapo hata miongozo ya Uingereza, ambayo zamani ilikuwa inapima kwa rula, nafasi ya hewa ikizidi sentimita 2 unatobolewa, iliandikwa upya mwaka 2023 na swali la kwanza sa hivi ni mgonjwa anajisikiaje, anahema vipi, anaweza kuongea sentensi nzima. Picha inakuja nyuma.

Mwambie mama na hili, labda litamtuliza. Kabla dawa za TB hazijagunduliwa kuna daktari wa Italia anaitwa Forlanini, yeye mwaka 1882 alipendekeza wagonjwa wa TB wapulizwe hewa kifuani makusudi ili pafu linywee lipumzike, na kweli ikawa tiba ya dunia nzima kwa miongo mingi, watu wakaishi na pafu moja lililokunjwa miezi na miaka huku wakitembea. Simaanishi ni raha. Namaanisha mtu ambaye pafu lake la pili ni zima hakaukiwi na pumzi kwa sababu theluthi ya lile jingine imelala.

Hewa iliyovuja itaondoka yenyewe, inayeyukia kwenye damu taratibu, kama 1.25 mpaka 2.2 kwa 100 ya ukubwa wa upande huo wa kifua kwa siku. Piga hesabu, theluthi moja ni wiki 2 mpaka 4. Kwa hiyo wiki ijayo ukirudi na eksirei ikaonyesha bado, usianze kulia. Meza dawa za maumivu kwa wakati, usijikaze kiume, maana mwenye maumivu anapumua juu juu na hiyo haimsaidii. Tembea. Usinyanyue vitu vizito kwa sasa. Usilale peke yako nyumba iliyo mbali na msaada wiki hizi za mwanzo.

Na hapa nabadilisha sauti. Pumzi ikianza kukata kuliko jana, moyo ukienda mbio, midomo ikibadilika rangi, kizunguzungu, jasho la baridi, ukashindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, usinitumie swali mimi, nenda dharura muda huo huo hata kama ni saa nane usiku. Kuna nyakati, chache, lile tundu linakuwa kama mlango unaofunguka upande mmoja, hewa inaingia haitoki, inajikusanya mpaka inaubana moyo. Hapo hamna kusubiri eksirei, wanachoma sindano kutoa presha kwanza maswali baadaye.

Dokta, mimi ni mama wa kijana wa miaka 19. Yuko wodini siku ya tano, mpira unatoka chini ya kwapa unaingia kwenye chupa ya maji sakafuni. Kwanza walijaribu kuvuta hewa kwa sindano ikashindikana. Hiyo chupa inatoa mapovu usiku kucha, akikohoa yanazidi. Mwenye mgonjwa wa kitanda cha pili ananiambia mapovu ni dalili pafu limeoza. Nesi anasema usiiguse tu. Silali.

Pole sana mama yangu. Pafu halijaoza, na huyo wa kitanda cha pili mwambie ashughulike na mgonjwa wake.

Nianze na sindano maana umeitaja kama vile ni kosa. Kwa kijana anayehema, kuvuta hewa kwa sindano ni jambo la kawaida kujaribiwa kabla ya mpira, na inafanikiwa kwa wengi ila si wote. Nakumbuka nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kijana kakaa nusu wima kitandani, wamempiga ganzi, kisindano laini kimeingia kati ya mbavu, kwenye kisindano kuna koki ndogo ya njia tatu na bomba la sindano la mililita 50. Daktari anavuta bomba, anageuza koki, anamwaga hewa nje, anageuza tena. Mimi kazi yangu kuhesabu. Kijana mwenyewe akaanza kuhesabu na mimi kwa sauti, tulipofika 28 akakohoa kikohozi kirefu, akasema dokta kitu kimegusa ukuta. Lilikuwa ni pafu, limefutuka, limefika mbavuni. Lita moja na nusu kasoro imetoka kwa bomba. Lakini kuna kikomo, ukishatoa kama lita 2 na nusu na bado hewa inakuja tu maana yake tundu liko wazi, unachota maji kwenye ndoo huku bomba linamwaga. Hapo ndo unaweka mpira, na ndo kilichomtokea mwanao.

Sasa hiyo chupa. Ichungulie vizuri leo, hamna aliyekukataza kuangalia. Utaona ncha ya mrija imezama kidogo tu ndani ya maji, sentimita kama 2. Hayo maji ndo mlango. Hewa ya kifuani ikisukumwa inatoka kama povu, ikitaka kurudi inakuta maji, hairudi. Mwambie mwanao avute pumzi taratibu, utaona maji ndani ya mrija yanapanda na kushuka, yanacheza naye. Hiyo ni dalili njema, mpira uko mahali pake na haujaziba. Mapovu yenyewe yanakwambia kitu kimoja tu, tundu bado linavuja. Siku yakikoma, akikohoa pia hamna, na eksirei ikaonyesha pafu limefika ukutani, mpira unatolewa na anaenda nyumbani.

Kuhusu kutoigusa nesi yuko sahihi na sababu zipo. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua siku zote, ukiinyanyua juu maji yanaweza kumrudia. Mrija usikunjike wala asiulalie. Na mtu yeyote, hata awe amevaa koti jeupe, akitaka kuubana mrija unaotoa mapovu muulize anabana kwa sababu gani, maana hewa isiyo na pa kutokea inarudi kumbana mgonjwa. Chupa ikianguka isimamishe, ita nesi. Mtoto atembee nayo, aende nayo msalani, asilale tu kama gogo. Na ombeni dawa ya maumivu ya kutosha, mpira unauma jamani, tusidanganyane, mtu asiyeweza kukohoa kwa maumivu anakusanya makohozi.

Unaweza kujiuliza kwa nini wasiweke mashine ya kuvuta kwa nguvu ili mambo yaishe. Pafu lililolala siku kadhaa ukilifutua kwa pupa linaweza kujaa maji, kwa hiyo taratibu ndo mwendo. Ila mama, siku ya tano na mapovu bado usiku kucha, hapo una haki kabisa ya kuuliza, je daktari wa upasuaji wa kifua ameshamwona? Uliza kwa adabu, lakini uliza leo. Haimaanishi lazima apasuliwe, maana matundu mengine yanajifunga yenyewe siku ya saba ya nane, ila maoni yake yanatakiwa mezani sasa.

Siku hizi baadhi ya hospitali zina kifaa kidogo chenye vali, yaani kimlango cha njia moja, kinachobandikwa kifuani, mtu anaenda nacho nyumbani badala ya chupa. Uingereza walikijaribu kwa wagonjwa 236, walio nacho nusu yao hawakulala hospitali hata usiku mmoja ndani ya mwezi wa kwanza, wakati waliotibiwa kwa njia ya kawaida nusu yao walikaa siku nne au zaidi. Lakini matatizo yake nayo yalikuwa mengi zaidi, vingine viligoma kufanya kazi, vingine vikavuja, kwa hiyo mimi binafsi sijakipigia debe bado.

Dokta nimeambiwa nipulize puto mara 50 kwa siku ili pafu langu lifutuke. Ni kweli?

Sikushauri. Pafu halifutuki kwa wewe kupuliza, linafutuka hewa iliyo nje yake ikiondoka. Ukipuliza kwa nguvu unapandisha presha ndani ya pafu lenyewe, na humo ndimo lilimo tundu tunalotaka lijifunge. Hayo maputo wapulizie watoto ukishapona. Vuta pumzi ndefu za polepole, tembea, basi.

Mambo dokta. Miaka 24, upande wa kushoto umenywea mara mbili ndani ya miezi minane. Sasa wanasema wanifanyie operesheni wakate kipande na wanimwagie poda kifuani. Poda ya nini jamani? Halafu mbona sigara nimeshaacha, navuta shisha tu wikendi na bangi kidogo kidogo ya kuleta usingizi.

Poa mdogo wangu. Nianze na la mwisho maana umelipitisha haraka haraka ukidhani sitaliona.

Hujaacha. Umehama mtaa tu. Utafiti wa Sweden wa mwaka 1987 uligundua kuvuta sigara kunazidisha hatari ya pafu kunywea mara 22 kwa wanaume na mara 9 kwa wanawake, na kadri unavyovuta nyingi ndivyo inavyopanda. Bangi nayo ina kesi yake, wavutaji wake tunawaona na vilengelenge vikubwa, na ile tabia ya kuvuta moshi mwingi, kuubana kifuani, halafu kujikamua, kwa pafu lenye tyubu iliyovimba hebu fikiria mwenyewe. Shisha ni moshi. Waliochunguza wanaorudiwa wanasema anayeacha kabisa kuvuta hatari ya kurudiwa inashuka kama mara 4. Hakuna kidonge ninachokijua kwa ugonjwa huu kinachofanya kazi hiyo. Bure kabisa, na bado mnanibishia.

Haya, operesheni. Wakisema mara ya pili upande ule ule tunapasua si kwamba wanakuonea. Mara ya kwanza, kati ya watu 10 kama 3 inawarudia, wengi ndani ya mwaka mmoja. Ikisharudi, uwezekano wa kurudi tena ni mkubwa zaidi, na wewe miezi minane tu. Sababu nyingine za kupasuliwa ni mapovu yanayogoma kukoma kama ya kijana wa yule mama, pande zote mbili kunywea, kukiwa na damu kifuani, au kazi yenyewe hairuhusu kubahatisha, rubani kwa mfano.

Wanavyofanya, unalazwa usingizi kamili, wanatoboa vitundu viwili vitatu ubavuni, wanaingiza kamera nyembamba, wanaenda mpaka kule juu kwenye vilengelenge, wanakata hiyo sehemu na kuishona kwa mashine kwa mpigo mmoja. Kipande chenyewe ni kidogo, pumzi yako haitapungua kwa kiasi utakachokihisi. Lakini kukata peke yake hakutoshi, kesho kingine kinaweza kuvimba pembeni. Ndo inakuja hiyo poda. Ni talki iliyosafishwa kwa kazi hiyo, si ya kupaka mwilini usije ukanitia aibu. Inamwagwa kati ya zile tabaka mbili ili ziwake, zichubuke, zikipona zigandane moja kwa moja. Tundu likitokea siku nyingine hewa haina pa kwenda na pafu halina pa kuangukia. Wengine hawatumii poda, wanaukwaruza utando kwa kitambaa kigumu au wanaubandua kabisa ule wa upande wa ukuta. Kwa kijana wa umri wako waulize wanapendelea ipi na kwa nini, kuna madaktari hawapendi kumwachia mtu wa miaka 24 talki kifuani maisha yote wakati njia nyingine ipo, na kuna wanaoitumia miaka na miaka bila wasiwasi. Mimi ningeuliza kwanza kuhusu kukwaruza.

Baada ya hapo kurudiwa kunashuka mpaka kati ya mtu 1 na 5 kwa 100. Maumivu yapo, hasa wiki mbili za mwanzo, na wengine wanabaki na ganzi au kuwashwa kwenye ngozi ya ubavu miezi kadhaa. Upande wa kulia haujaguswa kumbuka, kwa hiyo shisha irudishe ulikoitoa.

Dada wa miaka 33 hapa. Pafu la kulia limeninywea mara tatu, na nimegundua kila mara ni siku moja au mbili baada ya kuanza hedhi. Nilipomwambia daktari alicheka.

Dada yangu, asingecheka, angeandika. Hilo jambo lipo na lina jina lake. Kuna chembechembe za ukuta wa mfuko wa uzazi ambazo kwa baadhi ya wanawake huota nje ya mahali pake, na mara nyingine zinafika kwenye kiwambo cha kupumulia, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kwenye utando wa pafu, mara nyingi upande wa kulia kama wako. Zinafuata hedhi, zinavimba na kutoka damu kama zile za kwenye mfuko, zinatoboa. Pafu linanywea ndani ya siku 3 za hedhi, na mara nyingi mtu huyo ana historia ya maumivu makali ya tumbo mwezi kwa mwezi ambayo pia alichekewa.

Andika tarehe, hedhi ilianza lini kichomi kilianza lini, za mara zote tatu, karatasi moja. Halafu mtafute daktari wa kifua na wa wanawake kwa pamoja, maana tiba yake ni ya wote wawili, upasuaji wa kukagua kiwambo na kuziba vitundu, pamoja na dawa za homoni za kutuliza hedhi kwa muda. Kutibiwa na wa kifua peke yake ndo kumekufikisha mara ya tatu. Na waombe siti-skani ya mapafu, kuna magonjwa mengine adimu ya wanawake yanayojaza mapafu vijitundu na yanataka kuondolewa kwenye orodha.

Mchumba wangu pafu lilinywea, sasa nyumbani kwetu wanasema lazima ana TB na nisiolewe naye. Naomba msaada.

Hiyo imani ni ya zamani sana na hata madaktari walikuwa nayo, mpaka mwaka 1932 daktari mmoja wa Denmark, Kjærgaard, alipokusanya wagonjwa wake na kuonyesha kwamba vijana wazima kabisa wasio na TB mapafu yao yananywea. Ila wazazi wako hawajakosea kila kitu. TB inaweza kutoboa pafu, kwa hiyo kama ana kikohozi cha wiki mbili, anapungua mwili, anatoka jasho usiku, apime makohozi na asione aibu, inatibika. Na ikiwa kweli pafu lake lina ugonjwa chini yake, TB, pumu kali, mapafu yaliyoharibika kwa sigara ya miaka mingi, basi yote niliyomwambia Mlingoti ya kurudi nyumbani yasimhusu, huyo analazwa. Akipimwa na hana, suala la ndoa nawaachia wenyewe, mimi ni wa kifua.

Dokta ni mimi tena Mlingoti, majibu uliyonitumia nimeyapata. Wiki ya tatu sasa, eksirei ya jana inaonyesha kamstari kembamba tu karibu na bega, dokta anasema bado kidogo. Najisikia mzima kabisa. Mama sa hivi ndo anawasimulia majirani habari za yule Muitaliano wako. Shida ni moja, nimeitwa kwenye intavyu ya kazi, tiketi ya ndege ni ya Ijumaa. Nikienda kimya kimya kuna atakayejua?

Kamstari hako kembamba ni hewa, Mlingoti. Ndege ikipanda presha ya ndani inapungua na hewa iliyofungiwa mahali inatanuka, kama theluthi nzima kwa mwinuko wa kawaida, na hako kamstari hakatabaki kembamba ukiwa juu ya mawingu na msaada wa karibu ni mhudumu wa ndege. Kanuni ni eksirei ioneshe hewa imekwisha kabisa, halafu zihesabiwe siku 7 kamili, ndo upande. Kuzamia baharini na mitungi sahau kabisa, labda siku moja ufanyiwe upasuaji pande zote mbili na vipimo vikubali. Mpira wa miguu utacheza ukishapona.

Waandikie hao wa intavyu leo, waambie una cheti cha daktari unaomba wasogeze tarehe au wakuhoji kwa video. Wakikataa, panda basi uende Jumatano, na eksirei yako iweke kwenye begi la mkononi.